Fundi Anajibu: Heda, lumbesa na jina la mkulima lililopotea

Barua ndefu kuliko zote mwezi huu imetoka Uyole. Nimeipa nafasi kubwa kwa sababu kilio hicho niliwahi kukilia mwenyewe. Nyingine mbili ni fupi, nitazimaliza haraka.

Nifuate kiwango au nifuate kazi?

*Shikamoo Fundi. Nimeandika programu kwa lugha ya C kwa ajili ya ghala la viazi hapa Uyole. Inasoma uzito kutoka kwenye mzani wa kidijitali kwa waya wa USB, inauliza jina la mkulima, inatoa stakabadhi. Kwenye laptopu yangu yenye Ubuntu ilifanya kazi bila shida. Mwalimu wangu wa chuo alipoiona akasema msimbo wa heshima unakompailiwa kwa -std=c99 -pedantic. Nikatii. Maonyo yakamwagika, na nikiingiza jina la mkulima programu inakufa palepale. Mwenzangu akaniambia niandike _POSIX_C_SOURCE juu kabisa. Jina likapona, lakini sasa kompaila inalalamika haijui cfmakeraw wala usleep. Nikaipeleka kwenye mashine ya ghalani, ambayo fundi aliyenitangulia aliiwekea mfumo endeshi wa FreeBSD, na huko kompaila imegoma kabisa. Mwenzangu wa pili anasema niweke _GNU_SOURCE niachane na viwango, viwango ni vya walimu. Mwalimu anasema tatizo ni mimi. Nani mkweli?*
*Kijana wa Uyole*

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako hajakosea, ila amekupa nusu ya agizo, na nusu ya agizo la fundi ni hatari kuliko kutopewa lolote.

Tuanze na huyo mkulima anayeua programu. Bila shaka jina lake unalinakili kwa `strdup`. Ulipoandika `-std=c99`, uliiambia heda `string.h`, faili linalotangaza funksheni zilizopo, ikupe C ya mwaka 1999 peke yake, na `strdup` haikuwamo katika C hiyo. Ilikuwa mali ya POSIX, kiwango cha mifumo endeshi ya jamii ya Unix. Heda ikaificha. Kompaila, inayogeuza msimbo kuwa programu, ilipoikuta `strdup` bila tangazo ikafanya kama ilivyozoea tangu enzi za babu zake: ikakisia kwamba funksheni hiyo inarudisha `int`. Kwenye mashine yako `int` ni biti 32, na anwani ya kumbukumbu ni biti 64. Anwani ikakatwa katikati, pointa ikaelekea kusikojulikana, programu ikaanguka. Kwenye mashine za zamani za biti 32 kosa hilihili lilipita kimya, ndiyo maana wazee wengi hawalifahamu.

Kinachoniudhi ni kwamba C ya 1999 yenyewe ilishafuta mchezo huo wa kukisia. Kompaila zikaendelea kuuvumilia kwa onyo tu, miaka nenda rudi, mpaka GCC 14 ya mwaka 2024 ilipougeuza kuwa kosa. Clang iliyatangulia hayo katika toleo la 16, na ndiyo sababu mashine ya ghalani, ambayo FreeBSD yake inatumia Clang, iligoma wakati laptopu yako ilinung'unika tu. Ungekuwa na GCC mpya, ungeniandikia barua fupi zaidi. Kwa sasa usipuuze onyo la funksheni isiyotangazwa hata siku moja. Maonyo mengine tunaweza kujadiliana.

Sasa, mwalimu aliposema ufuate kiwango, ulitakiwa umuulize: kipi? Nilifanya kazi ya mawasiliano TAZARA kabla sijafungua karakana hapa Mwanjelwa. Reli ile ina upana wa milimita 1067, kama wenzetu wa Zambia. Reli ya kati ina milimita 1000. Kila moja inafuata kiwango chake barabara, wala hakuna aliyekosea kupima, lakini zinapokutana Kidatu mzigo lazima uhamishwe. Na wewe una viwango viwili mkononi. C ya ISO, yaani kiwango chenyewe cha lugha, haijui waya, haijui mzani, haijui hata folda. POSIX ndiyo inayojua `termios.h`, `open` na `tcsetattr`. Programu inayosoma mzani kupitia `/dev/ttyUSB0` haiwezi kuwa C tupu, hata ungeipigia magoti. Kwa hiyo `-std=c99` ikiwa peke yake juu ya programu yako ni agizo linalojipinga.

Ukaniuliza kimoyomoyo: kwa nini basi heda ifiche vitu ambavyo vimo ndani ya mashine? Si wanionyeshe vyote nichague?

Hapo wewe wa Uyole nitakusimulia habari unayoijua kuliko mimi: lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Mnunuzi anakuja na gunia lililoongezewa kichwa cha wavu juu, linajazwa mpaka linasimama kama mtu aliyevaa kilemba, na linahesabiwa gunia moja. Heda isipopewa masharti ni lumbesa. Umeomba `string.h` au `stdio.h`, ukapewa za kiwango, ukashonewa na za POSIX, za BSD na za System V ya zamani, matawi mawili ya Unix. Ladha yake unaijua: kila unachokitaka kipo. Ubaya wake ni kwamba kila jina lililomo ndani ya gunia ni jina ambalo wewe huwezi tena kulitumia kwa kazi yako, na ziada hiyo inabadilika gunia kwa gunia.

Mimi iliniuma hivi. Nilikuwa na programu ya mashine ya kusaga, ya kuhesabu madebe ya wateja. Ndani yake nilikuwa na funksheni yangu niliyoiita `getline`, inayosoma mstari mmoja kutoka kwenye faili. Ilifanya kazi miaka mingi. Baada ya 2009 nikapandisha toleo la Linux, nikakompaili upya bila kugusa herufi, kompaila ikasema aina za `getline` zinagongana. Nilidhani diski imeoza. Kumbe POSIX ya 2008 ilikuwa imeipokea `getline` ya GNU, na glibc, maktaba ya funksheni za C kwenye Linux nyingi, katika toleo 2.10 ikaanza kuionyesha ndani ya `stdio.h` kwa kila mtu asiyeweka masharti. Jina lilikuwa langu kihalali, maana C haikuwahi kulihifadhi. Laiti ningekuwa nimetangaza kwamba mimi ni mtu wa POSIX ya 2001, heda ingeninyamazia. Ukali ambao wewe unaulalamikia ndio uliokuwa unilinde.

Lakini nisije nikawa wakili wa heda. Katika suala lako la `strdup` nakubali kwamba ukali umepita kiasi. C imejihifadhia majina yote ya funksheni yanayoanza na `str` na kufuatiwa na herufi ndogo, kwa hiyo hakuna mwandishi mwema aliyekuwa na haki ya kuwa na `strdup` yake. Glibc ingeweza kuitangaza hata katika hali kali bila kumvunjia mtu haki. Ikachagua kuificha, na watu wakaanguka. Baadaye C23, toleo jipya la kiwango cha C, ikaipokea `strdup` rasmi, kwa hiyo ubishi huo umezikwa, ila waliokufa wamekufa.

Mfano mwingine wa ukaidi ni `strlcpy`, ya kunakili maandishi kwenye nafasi yenye kikomo. OpenBSD waliitoa mwaka 1998. Glibc ilikataa kuipokea, kwa hoja kwamba inakata maandishi kimyakimya na haimfundishi mtu kupima nafasi. Hoja ina uzito wake. Lakini matokeo yake kila mradi ulibeba nakala yake ya `strlcpy`, hii ina kosa hili, ile ina kosa lile, mpaka 2023 glibc 2.38 ilipokubali, baada ya POSIX kuamua kuiingiza kwenye kiwango kipya. Miaka 25. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa ameshamaliza chuo.

Sasa huyo mwenzako wa `_GNU_SOURCE`. Ushauri wake unaonja vizuri, na kwa programu isiyotoka kwenye Linux ya glibc sitamgombeza. Ila mwambie jambo moja: makro hiyo, yaani tamko la kuiambia heda itoe vitu gani, haiongezi tu, inabadilisha. Chukua `strerror_r`, inayokupa maelezo ya kosa. Ya POSIX inarudisha namba na kuandika maelezo kwenye nafasi uliyoiandaa. Ukiweka `_GNU_SOURCE` kwenye glibc unapewa nyingine kabisa yenye jina lilelile, inayorudisha pointa ya maandishi, na inaweza isiguse nafasi yako hata kidogo. Ukichapisha ilichorudisha kana kwamba ni maandishi, Ubuntu itakuchekea. Peleka msimbo huo kwenye Linux iitwayo Alpine, inayotumia maktaba ya musl, ambako ipo ya POSIX peke yake: namba itasomwa kama anwani, na mkulima wetu anaweza kufa mara ya pili. `basename` nayo ina sura mbili vivyo hivyo.

Na kuna kitu kinachowachanganya hata wakubwa. Kwenye Linux, ukishaweka `-std=c99`, kuandika `_POSIX_C_SOURCE` *kunaongeza* ulichokuwa umenyimwa. Kwenye FreeBSD, usipotangaza chochote unapewa vyote, na ukiandika `_POSIX_C_SOURCE` *unapunguza*: vya BSD vinafichwa. Mac nao wanaficha, mpaka utaje `_DARWIN_C_SOURCE`. Tamko moja, tafsiri mbili. FreeBSD ilifanya haki kukuficha `cfmakeraw`, kwa sababu wewe mwenyewe uliiambia unataka POSIX na `cfmakeraw` haimo katika POSIX. Ilikutii. Mashine ikikutii kuliko ulivyokusudia inafanana sana na mashine mbovu.

Basi fanya hivi. Baki na `-std=c99`, baki na `#define _POSIX_C_SOURCE 200809L`, lakini tamko hilo liwe mstari wa kwanza kabisa wa faili, kabla ya `#include` yoyote. Likija baada ya heda moja limechelewa, maana heda hiyo imeshaamua. `usleep` itupe. POSIX ya 2001 ilishaiita ya kuzeeka na ile ya 2008 ikaiondoa. Tumia `nanosleep`, kama ulikuwa unasubiri `usleep(200000)` kati ya vipimo, jaza sekunde 0 na nanosekunde 200000000. `cfmakeraw`, inayoamuru baiti za mzani zipite ghafi, iandike mwenyewe, ni mistari mitano:

```
t->c_iflag &= ~(IGNBRK|BRKINT|PARMRK|ISTRIP|INLCR|IGNCR|ICRNL|IXON);
t->c_oflag &= ~OPOST;
t->c_lflag &= ~(ECHO|ECHONL|ICANON|ISIG|IEXTEN);
t->c_cflag &= ~(CSIZE|PARENB);
t->c_cflag |= CS8;
```

Bendera zote hizo zimo katika POSIX, kwa hiyo zitapita Ubuntu, Alpine, na ghalani. Usiipe jina la `cfmakeraw`. Iite `mzani_mbichi` au lolote la kwetu. Jina la mlango wa mzani nalo lisikae ndani ya msimbo: Linux huuita `/dev/ttyUSB0`, FreeBSD huuita `/dev/cuaU0`, na hakuna heda duniani itakayokuokoa hapo. Upokee kama hoja ya mstari wa amri.

Ikitokea siku ukahitaji kitu kisicho cha POSIX na huwezi kukiandika mwenyewe, kiweke kwenye faili moja la pembeni lisilo na tamko la POSIX wala `-std=c99`, na faili hilo pekee ndilo lipewe lumbesa. Usitawanye `#ifdef __linux__` kila kona. Hilo ni kuuliza kabila wakati unachotaka kujua ni kama mtu anaweza kulima. Alpine ni Linux na bado haina tabia za glibc. Wenyewe wa musl wamekataa kwa makusudi kuweka makro ya kujitambulisha, ili watu wajifunze kuuliza kuhusu kazi. Andika programu ndogo ya majaribio inayotumia funksheni hiyo, ikikompailika bila onyo, ipo.

Na mwalimu wako msalimie. `-pedantic` aliyokupa ni kipimo kizuri cha Jumamosi. Ukiiachia iwashwe kila siku wakati unajenga, utajifunza kuyapuuza maonyo yote kwa pamoja, likiwemo lile moja lililoua jina la mkulima.

Linux imekataa kuhesabiwa

*Kamwene Fundi. Nafundisha kompyuta sekondari hapa Iringa. Wanafunzi waliandika programu ya kuhesabu mashine za maabara yetu: `int linux = 14;` na `int windows = 6;`. Mstari wa windows unapita. Wa linux unakataliwa, eti ilitarajiwa jina ikakutwa namba. Wanafunzi wanacheka kwamba Linux imejiona. Niwaambie nini?*
*Mwalimu, Iringa*

Kamwene, mwalimu. Waache wacheke, wana haki. GCC kwenye Linux, usipoipa masharti, inakuja na makro iitwayo `linux` yenye thamani 1, na nyingine iitwayo `unix`. Kwa hiyo kabla kompaila haijausoma, mstari wao uligeuka kuwa `int 1 = 14;`. Ni desturi ya kabla ya kiwango cha 1989. Kiwango kilipokuja kikawapa watengenezaji uwanja wao, majina yanayoanza na mistari miwili ya chini au mstari mmoja na herufi kubwa, ndipo tukapata `__linux__`. Makro ya zamani ikabaki kwa ajili ya msimbo wa zamani. Wakompaili kwa `-std=c11` nayo itatoweka. Kwa hiyo Kijana wa Uyole akisoma hapa aone kwamba ukali humsaidia mtu pia.

Kuna la ziada kwa darasa lako, maana nimelipenda tangu nilipoligundua. Sisi tunaotaja vitu kwa Kiswahili tunadhani tuko salama, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Lakini C imejihifadhia funksheni zote zinazoanza na `is` au `to` na kufuatiwa na herufi ndogo, kwa ajili ya ndugu wa `isdigit` na `toupper`. Sasa hesabu: `toa_stakabadhi`, `toza_ushuru`, `tofauti`, `ishara`. Wote wako shambani kwa mtu. Makro zinazoanza na E na herufi kubwa ni za `errno.h`, kwa hiyo `EKARI` na `ELFU` zimevuka mpaka. Zinazoanza na SIG na herufi kubwa ni za `signal.h`; mwenye duka akiandika `SIGARA` amejitwalia ishara ya mfumo endeshi. C23 imelegeza kamba kidogo hapo. Sijawahi kuona `toza_ushuru` ikigongana na chochote, na sitegemei kuona, lakini kuandika `ghala_toza` hakugharimu kitu, na wanafunzi watacheka vizuri zaidi siku hiyo.

Diski imekua usiku

*Fundi, shikamoo. Nina seva ndogo hapa Makambako. Juzi nilifuata maelekezo fulani ya kuifanya ifuate viwango, asubuhi `df` ikaonyesha namba maradufu ya jana. Diski ni ileile. Nimepata au nimepoteza?*
*Msimamizi, Makambako*

Marahaba. Hujapata wala hujapoteza, umebadilisha debe la kupimia. Angalia `.profile` yako, nina hakika umeweka `POSIXLY_CORRECT`. POSIX inataka `df` ihesabu nafasi ya diski kwa vipande vya baiti 512. Watu wa GNU, mradi uliotengeneza zana nyingi za Linux, wakiongozwa na Richard Stallman, waliona hakuna mtu mwenye akili zake anayetaka kuhesabu hivyo, wakahesabu kwa 1024, na wakaacha kigeuzi hicho kwa anayesisitiza. Jina lake la kwanza lilikuwa `POSIX_ME_HARDER`, lugha ya mtu aliyekasirika. Na Stallman huyohuyo ndiye aliyependekeza jina POSIX.

Toa mstari huo, au uuache na uzoee kuandika `df -k`. Hiyo `-k` imo ndani ya POSIX yenyewe, na itakupa 1024 kwenye seva yako, kwenye FreeBSD ya Uyole, na kwenye mashine utakayorithi kwa fundi mwingine.